Mzee wa pantoni kapotea, na sijui hata jina lake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, Mnyamwezi wa Urambo, nina mke na mtoto mmoja. Tunaishi Kigamboni na kazi yangu iko mjini, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Posta. Kila siku ya kazi navuka na pantoni ya asubuhi. Nimekaa Dar miaka kadhaa sasa, na nikisema ukweli, ukiondoa mke wangu na watu wa ofisini sikuwa na mtu wa kupiga naye soga. Nilikotoka, mtu akikupita bila salamu mnaulizana kuna nini. Hapa nilijifunza haraka: hedifoni masikioni, macho kwenye simu, geti likifunguliwa unakimbilia ndani na wenzako.

Asubuhi moja tumebanana kwenye banda la abiria tukisubiri, mzee mmoja akanigusa bega. Kofia ya kiua, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, mkono mmoja chupa ya chai, mwingine gazeti. "Kijana, hebu nisomee hapa, miwani nimeisahau nyumbani." Nikavua hedifoni nikamsomea. Ilikuwa habari ya Yanga. Kumbe yeye ni Yanga wa kufa na kuzikana, na nilipomwambia mimi ni Simba alicheka mpaka watu wakageuka. "Sisi tumezaliwa 1935, nyinyi mkaja kuiga 1936!" Aliponiuliza kabila ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Yeye ni Mzaramo. Akatangaza palepale kwamba mimi ni mtani wake, kwa hiyo gazeti nitamsomea bure na chai nitaishia kuinusa.

Ukawa ndio mtindo wetu. Safari yenyewe juu ya maji haifiki dakika kumi, lakini ukijumlisha na kusubiri bandani tulikuwa tunapata muda wa kutosha. Miwani ilisahaulika kila siku. Baada ya miezi, siku moja tunateremka upande wa Magogoni, akainama kufunga kamba ya kiatu, miwani ikamdondoka kutoka mfuko wa shati. Akaiokota, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha mfukoni. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Kesho yake akanikabidhi gazeti kama kawaida.

Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini zamani, enzi za matishari, kabla makontena hayajajaa. Mimi niko kwenye forodha, lakini ni yeye aliyenieleza magunia ya kahawa na marobota ya mkonge yalivyokuwa yakihesabiwa yakining'inia hewani, na namna karani mwenye macho anavyojua hesabu imechezewa. Nami nilimwambia mambo ambayo sijamwambia mtu, kwa mfano kwamba kuna kipindi nilitaka kuacha kazi nirudi Urambo kulima tumbaku. Hakunishauri chochote. Aliniuliza tu kama nimewahi kulima tumbaku. Sijawahi.

Hata kazi ya sare anayoshona mke wangu ilitoka kwake. Nilimtajia kwamba mama watoto ana cherehani na hana wateja, akasema, "Chekechea ya wajukuu zangu mshonaji wao kahama, wanahangaika. Mwambie aende leo leo." Akaenda, akapata, na mpaka leo anawashonea.

Chai alikuwa hainywi. Nilipomtania kwamba ananinyima makusudi, akajibu, "Hii ina mwenyewe." Tukifika ng'ambo yeye alikuwa anakata kuelekea soko la samaki, mimi nashika njia ya Posta.

Tangu wiki ya pili baada ya Idi sijamwona. Nilidhani mafua. Kisha nikadhani kasafiri. Sasa ni miezi. Namba yake sina, maana tulikuwa tunaonana kila siku, namba ya nini? Jina sina. Yeye aliniita mtani, mimi nikamwita mtani, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuona haya kuuliza.

Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka kumtafuta, alisema: "Mtu humjui jina, hujui kwake, unamtafuta umdai nini? Mji huu una mambo yake. Utaishia kuchangishwa mazishi ya watu usiowajua." Mwenzangu mmoja wa ofisini alicheka zaidi. Akasema mzee alikuwa anapoteza muda tu, mimi ndiye niliyejipa babu. Hilo limeniuma kuliko la mke wangu, kwa sababu sina la kumjibu.

Shangazi, ni kweli nimejipa babu? Na kama si ujinga, nitamtafutaje mtu ambaye sina jina lake? Na kama alishafariki, mimi ni nani mpaka niende kwa watu wake?

Abiria wa Kigamboni


Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo mwenzako wa ofisini. Mzee anayepoteza muda hafichi miwani. Mtu ana miwani mfukoni, anajua kusoma, aliishi kwa kuhesabu na kuandika bandarini, halafu kila asubuhi anaomba kusomewa habari za Yanga: huyo shida yake si gazeti. Aliangaza lile banda zima akachagua kijana aliyeziba masikio, akatafuta ombi ambalo kijana aliyelelewa vizuri hawezi kulikataa. Na siku miwani ilipodondoka hakujitetea. Alingoja kuona kesho yake utafanya nini. Ulipolipokea gazeti bila neno, mlikuwa mmeshakubaliana, nyote wawili mkijua. Mwambie mwenzako hivyo, au usimwambie kitu, maana sidhani kama ana mtu anayemfichia miwani.

Hiyo hofu yako, kwamba wewe ulimpenda mwenzio kuliko alivyokupenda, karibu kila mtu anayo, na imepimwa. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake watatu walichapisha utafiti kwenye jarida la Psychological Science. Waliwakutanisha watu wasiojuana, wakawaacha wazungumze, kisha wakamuuliza kila mmoja faraghani: umempendaje mwenzako, na unadhani yeye amekupendaje? Watu walikosea kwa upande uleule. Kwa wastani, mtu alidhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Waliwafuatilia pia wanafunzi wa chuo wa mwaka wa kwanza wanaoishi pamoja, na kosa hilo liliendelea kwa miezi. Wanaishi pamoja, wanaonana kila siku, na bado mtu anajiuliza kama wenzake wanamvumilia tu. Sasa wewe na mzee wako mlikuwa na dakika chache za asubuhi kwenye kelele za injini. Usishangae kwamba ulibaki na shaka.

Na bandani penyewe mambo ni hayohayo. Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio lao mwaka 2014, na baadhi ya waliojaribiwa walikuwa abiria wa treni za asubuhi, watu kama nyinyi, wa kwenda kazini. Wengine waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae peke yao, wengine wafanye kama kawaida yao. Waliozungumza ndio waliosema safari yao ilikuwa nzuri zaidi. Lakini abiria wengine walipoombwa kubashiri tu, walisema kuzungumza na mgeni kungeharibu safari. Kila mtu alidhani jirani yake hataki kusemeshwa. Ndiyo maana banda zima linakaa kimya, na anahitajika mzee mmoja mwenye ujanja wa miwani kuuvunja ukimya huo.

Haya, tumtafute sasa.

Unasema huna pa kuanzia. Mimi nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona milango mitatu, na wewe mwenyewe ndiye uliyeiandika.

Mlango wa kwanza uko nyumbani kwako, kwenye cherehani. Mzee alisema "chekechea ya wajukuu zangu". Mkeo anaingia pale, anawajua walimu, anapima watoto viuno na mabega. Mwalimu yeyote wa chekechea anawajua mababu wanaoleta na kuchukua wajukuu, tena anawajua vizuri kuliko baba zao. Lakini sikiliza: wewe usiende. Mwanamume asiyejulikana akifika shuleni kuulizia watoto ambao hajui majina yao, mwalimu mwenye akili atakufukuza, na mimi nitamsifu. Mkeo aende na shughuli zake za sare, na katikati ya maongezi aseme: "Mwalimu, kuna babu mmoja ndiye aliyetuelekeza hapa, Mzaramo, mpenzi wa Yanga, havui kofia ya kiua. Mume wangu alikuwa akivuka naye pantoni, siku nyingi hajamwona, tuna wasiwasi naye." Mwalimu akisita kutoa namba, ndiyo vizuri. Aache namba yenu, aombe tu ujumbe ufikishwe nyumbani kwa babu.

Unaona na jambo la pili hapo. Mkeo anasema huyu ni mtu usiyemjua, lakini pesa ya sare inaingia nyumbani kwenu kwa kinywa chake. Usimwambie kwa kumsuta. Mkumbushe tu ilivyoanza, kisha umwombe msaada. Mtu akipewa kazi katika jambo huacha kulipinga. Na hilo la kazi kuja kwa mtu wa mbali si ajabu: mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu wa Marekani jinsi walivyopata ajira, akaeleza mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi ziliwafikia kupitia watu waliofahamiana nao juujuu, wa kuonana mara mojamoja. Ndugu na rafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari ya mshonaji aliyehama isingepita ofisini kwenu kamwe.

Mlango wa pili ni chai. Mzee wa umri ule havuki bahari kila asubuhi na chupa ambayo haigusi, halafu akakata kuelekea sokoni, bila sababu. "Hii ina mwenyewe." Mwanangu, umemsomea gazeti muda wote huo na hukuuliza mwenyewe ni nani! Mimi nakisia binti yake au mwanawe anafanya biashara pale sokoni, ameamkia mnadani alfajiri na hapati nafasi ya kuchemsha maji. Huenda ni mkewe, huenda ni rafiki wa zamani wa bandarini. Vyovyote iwavyo, pale Feri yuko mtu aliyezoea kuletewa chai na mzee mwenye kofia ya kiua, na majirani zake wa meza wanajua. Nenda. Usiende saa ya mnada, hakuna atakayekusikiliza, kila mtu anawania ndoo yake. Nenda mchana joto limewachosha na wateja wamepungua, pitia kwa wakaanga samaki na mamalishe, nunua kitu, kaa ule, kisha ndipo uulize.

Na namna ya kuuliza ina adabu yake. Ukifika mtu na tai yako ya ofisini, karatasi mkononi, ukasema "namtafuta mzee fulani", watu watajifanya viziwi. Wanaowatafuta wazee kwa mtindo huo mjini hapa ni wadai, madalali wa viwanja na watu wenye wito wa mahakama. Anza na salamu ndefu. Jieleze wewe kwanza, ndipo umweleze yeye. Sema kilichokuunganisha naye, tena sema na lile la Simba na Yanga, kwa sababu hilo hakuna tapeli anayelibuni. Usionyeshe pesa. Usiandike tangazo lake mitandaoni, utapata wazee kumi na watani hewa mia.

Mlango wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaouogopa. Ni hilohilo banda. Mwaka 1972 Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa New York, aliandika kuhusu watu tunaowaona kila siku mahali pamoja bila kuwasemesha hata mara moja. Wanafunzi wake walipiga picha abiria kituoni asubuhi, kisha wakawaonyesha abiria walewale. Wengi waliwatambua wenzao ambao hawajawahi kuwasemesha, na wengine walikiri kwamba huwawazia, hujiuliza wanafanya kazi gani na wanaishi vipi. Sasa fikiri hapo kwenu. Kijana wa tisheti ya kampuni anayesimama karibu na reli. Mama mwenye beseni la maandazi. Kijana anayekagua kadi getini. Muuza magazeti, ambaye bila shaka mzee alikuwa mteja wake. Hawa wote wamekuona wewe na mzee mkicheka kila asubuhi. Wameona pia kwamba sasa uko peke yako. Nina hakika yupo mmoja anayetaka kukuuliza, "Yule mzee wako yuko wapi?" na anaona haya kama ulivyoona wewe.

Kwa hiyo huna njia ya kumpata yule uliyemzoea bila kuwasemesha hawa ambao hujawazoea. Vua hedifoni, anza na muuza magazeti. "Habari za asubuhi. Yule mzee wa Yanga, mwenye chupa ya chai, umemwona siku hizi?" Swali hilo linajibika, halimwingilii mtu. Pengine atakwambia mzee amehamia kwenye zile boti ndogo, au siku hizi anavuka saa tatu msongamano ukiisha, au mwanawe anampakia daladala ya darajani ili asisimame. Tangu daraja la Kurasini lilipofunguliwa mwaka 2016, mtu anaweza kukupotea Kigamboni na bado anafika mjini kila siku. Si kila anayetoweka pantoni ameumwa.

Angalizo dogo hapa. Si kila aliye kimya anataka kufunguliwa. Anayejibu neno moja na kugeuka, mwache. Dada aliye peke yake na safari yake usimng'ang'anie kwa kisingizio cha kutafuta mzee. Anasikia visingizio vya kutosha. Waulize wanaofanya kazi hapo, wao wamezoea maswali.

Tuseme umempata, yuko nyumbani, anaumwa au miguu haimbebi tena. Nenda baada ya alasiri, na mkeo, mtoto mbebe. Sukari, majani ya chai, matunda, inatosha. Bahasha acha. Ukitoa bahasha siku ya kwanza utakuwa umewageuza watu wake kuwa wapokeaji, na mzee wa namna hiyo itamuudhi. Piga hodi, na ukiulizwa wewe nani, sema, "Mimi ni yule Mnyamwezi anayemsomea gazeti pantoni." Usipunguze wala usiongeze. Nadhani utakuta nyumba nzima inakujua. Wazee wakirudi nyumbani huwa wanasimulia, na huenda wajukuu zake wanajua ubishi wenu wa Simba na Yanga kuliko unavyodhani. Nunua gazeti la siku hiyo uende nalo. Na hapo, mbele ya watu wake, muulize jina. Atakutania mpaka uchoke, vumilia.

Lakini usitegemee mazungumzo ya pantoni. Mtu akiwa kwake yuko katikati ya dawa, wajukuu, televisheni na wageni wengine. Anaweza kuwa mkimya. Huenda hata asikumbuke mambo mengine. Kama ni hivyo, zungumza na wanawe, waeleze mlivyokuwa mkicheka. Wao hawakumwona akiwa vile.

Mkeo ana haki katika wasiwasi wake, nisije nikaonekana nampuuza. Mji huu una watu wanaokutumia ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii" kana kwamba mlikubaliana jana, na wengine wanaanza kwa salamu tamu kabisa. Tapeli utamjua kwa haraka yake, kwa kukutaka ufiche jambo, na kwa pesa kuingia mapema. Mzee wako muda wote huo hakukuomba hata nauli ya shilingi mia mbili. Alichokuomba ni kusomewa. Mwambie mkeo hivyo, na mwambie pia kwamba hutaenda mahali popote bila yeye kujua.

Swali lako la mwisho. Kama amefariki, wewe ni nani?

Wewe ni mtani. Nashangaa umeandika neno hilo barua nzima bila kuona uzito wake. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo haukuanza kwenye mpira. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka na misafara ya pembe za ndovu hadi pwani, Bagamoyo na kwingineko, wakipita katika nchi ya Wazaramo. Watu wasiojuana, wenye njaa na mizigo, walihitaji namna ya kupita kwa wenzao bila kupigana, na utani ulitoa njia hiyo. Na mahali ambapo mtani ana kazi kuliko popote ni msibani. Huko ndiko mtani huiga marehemu alivyotembea na alivyosema, huko ndiko huthubutu kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chake, na waliofiwa hucheka katikati ya kilio. Hakuna anayemuuliza mtani kama alikuwa na namba ya simu ya marehemu. Wewe ni kijana na mji umechanganyika, kwa hiyo usijaribu mbwembwe hizo bila kumuuliza kwanza mzee wa pale msibani. Lakini nafasi ya kukaa unayo, ulipewa na marehemu mwenyewe siku ya kwanza.

Hata kama arobaini imepita, nenda. Toa pole, waombe wakuonyeshe kaburi, waeleze habari ya miwani. Hiyo nina hakika hawaijui. Na kuhusu kuchangishwa, ambako mkeo anakuogopa: mkikuta msiba bado mbichi, daftari la rambirambi litakuwa mezani. Amueni kiasi mkiwa nyumbani, wewe na yeye, kisichogusa kodi wala maziwa ya mtoto. Andikisheni kwa majina yenu yote mawili, na kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu mwandike mtani.

Shangazi